Mtaa Mzima Ulipofeli Kunusa

Mwaka ule wa korona nilikuwa darasa la nane kwa mara ya pili. Mara ya kwanza shule zilifungwa kabla hatujafika hata katikati ya kitabu cha hesabu, na zilipofunguliwa tuliambiwa turudi kwenye madawati yale yale, kana kwamba tulikuwa tumetoka kidogo kwenda kunywa maji. Baba, aliyekuwa akivua papa kisiwani Koyama na kuja kwetu Kismayo mara moja kwa mwezi, alisema neno lake akiwa mlangoni anavaa makubadhi. Darasa moja mtu hulikalia mara mbili, alisema, mara ya tatu hakuna. Nisipofanya mtihani wa kumaliza mwaka ule nitavuka naye kwenda Koyama kwa shangazi, nikamsaidie kuwapasua papa na kuwatia chumvi.

Shangazi yangu nilimpenda. Papa pia niliwapenda, wakiwa ndani ya mchuzi wa nazi. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tano, nina madaftari matatu ya hadithi chini ya godoro, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba dunia inangoja nimalize la nane ili ianze kunisoma.

Wiki mbili na kitu kabla ya mtihani shule ikatoa barua. Kila mwanafunzi wa la nane atapimwa korona, na atakayeonekana mgonjwa atakaa nyumbani siku kumi na nne. Barua ilisema tuje Jumamosi asubuhi, kila mtoto na mzazi wake. Mama akaacha papa wake juani, akavaa buibui, tukaenda. Langoni tukaambiwa wazazi hawaruhusiwi kuingia, ili kuepuka msongamano. Wazazi wote wakasongamana langoni kuuliza kwa nini hawaruhusiwi kusongamana, na kufikia saa nne hakuna mtoto aliyeweza kupenya. Tukarudi nyumbani bila kupimwa.

Barua ya pili ilisema mwanafunzi aje hajala kitu. Tulikwenda na njaa zetu, tukakaa kwenye ukuta wenye kivuli mpaka kivuli kikaisha, ndipo mwalimu msaidizi, mwanamke mwenye sauti ya upole iliyotufanya tushindwe kumkasirikia, akatoka na kutwambia kwamba aliyeandika barua alikuwa akifikiria kipimo cha ugonjwa mwingine. Barua ya tatu ilisema aje ameshiba. Mama akanilisha mikate minne ya mofa kwa mchuzi huku amesimama mbele yangu kama askari.

"Wewe wajua wanawapima nini?" alimuuliza jirani yetu, mama wa rafiki yangu, tulipokuwa njiani.

"Watoto sijui," akasema jirani. "Mimi wamenipima miguu. Hii mara ya tatu."

Siku zilikuwa zinakwisha. Kufikia asubuhi ile mtihani ulikuwa umebakiza siku tisa, na hata mimi niliyekuwa dhaifu wa hesabu niliweza kutoa kumi na nne kwenye tisa nikaona kinachobaki ni Koyama.

Sasa nieleze kipimo chenyewe. Vile vijiti vya kuingiza puani tulivyoviona kwenye simu havikufika shuleni kwetu. Mwalimu mkuu hakukata tamaa. Alikuwa amesikia redioni kwamba wenye korona hupoteza uwezo wa kunusa, kwa hiyo akatunga kipimo chake: mtoto anafungwa kitambaa machoni, anawekewa bakuli chini ya pua, anaulizwa anasikia harufu gani. Akijibu, mzima. Asipojibu, siku kumi na nne. Wazo lenyewe halikuwa baya, na mpaka leo nasema hivyo.

Ila yeye alikuwa mtu wa bara, amekulia kwenye ngamia na mbuzi, na alipotafuta kitu chenye harufu isiyoweza kumpita mtu yeyote mwenye pua, alituma sokoni kununuliwa kipande cha papa mkavu.

Mtaa wetu papa hukauka juu ya mapaa, juu ya kamba, juu ya kuta. Yumo kwenye mito tunayolalia na kwenye nywele zetu zikiwa zimetoka kuoshwa. Nilizaliwa humo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba papa ana harufu, kama vile hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hewa ina rangi.

"Unasikia nini?" akauliza mwalimu mkuu nilipofungwa kitambaa.

"Sisikii kitu, maalim."

"Vuta pumzi."

Nikavuta mpaka mbavu zikauma. Nilitaka kusikia kitu, wallahi nilitaka. "Nasikia mafuta ya nywele ya mwalimu msaidizi," nikasema. "Nasikia chaki. Nasikia sabuni ya unga kwenye hiki kitambaa."

"Na kwenye bakuli?"

"Bakuli ni tupu."

Nikasikia kalamu ikiandika. Aliyenifuata alikuwa rafiki yangu. Yeye alivuta pumzi ndefu, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeota, "Nasikia kama niko kwetu." Kalamu ikaandika tena, na baadaye tuliiona karatasi yake: mbele ya jina palikuwa na alama ya mkasi, na chini yake maneno "amechanganyikiwa".

Watoto wa mitaa ya juu walifaulu wote. Mmoja alikimbilia dirishani kutapika na akapewa alama ya vema kabla hajafuta mdomo. Sisi wa mtaa wa wavuvi tulikuwa kumi na wanane, na kumi na wanane tukatoka na karatasi za siku kumi na nne, tukapangwa ukutani mbali na wenzetu. Habari ilitutangulia. Muuza maji aliyekuwa akija na punda wake alituona, akageuza mkokoteni barabarani, akarudi alikotoka.

Mama alikuwa nje ya lango. Akaichukua karatasi, akaisoma, akaisoma tena. Hakunigusa paji la uso wala hakuniuliza kama naumwa. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Bakulini kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Lilikuwa tupu."

Mwalimu msaidizi alikuwa karibu. "Kulikuwa na papa, hoyo," akasema, akimwita mama kwa Kisomali. "Papa mkavu."

Mama akakaa chini, pale pale kwenye mchanga, na buibui lake jipya. Kwa Kisomali alikuwa mstaarabu sana, lakini hasira yake ilikaa kwenye Kibajuni, na huko, ambako mtu huitwa mchu, ndiko alikokwenda sasa.

"Papa," akasema. "Wamemnusisha mchu wa Koyama papa, wakauliza wasikia nini." Akamwangalia jirani. "Dada, wewe wasikia nini hapa?"

"Pahali gani?"

"Hapa nilipo mimi. Nimetoka kuwageuza papa asubuhi hii kwa mikono miwili."

Jirani akainama, akanusa bega la Mama kwa makini. "Udi," akasema. "Udi kidogo."

"Basi na wewe una korona. Twende."

Wakaenda akina mama wote kumi na wanane, nasi nyuma yao, tukiwa tumesahau kwamba tulitakiwa kukaa mbali na watu. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa chumba kidogo kilichopakana na stoo, na mlango kati ya vyumba hivyo ulikuwa hauna kitasa. Mama alikuwa wa kwanza kuingia, na alipoingia alisimama ghafla hata waliomfuata wakamgonga mgongoni. Akaivuta barakoa ikakaza. Jirani akaweka ukingo wa shela mdomoni. Mimi, niliyetangazwa kuwa sina pua, macho yalinitoka machozi.

Stooni, kati ya rundo la madawati yaliyovunjika, alisimama beberu. Alikuwa wa mwalimu mkuu, mwenye ndevu ndefu za njano, anatafuna ramani ya Afrika. Alikuwa amewekwa humo kwa kuogopa wezi, na kwa harufu ile alikuwa amekaa si siku moja wala mbili.

Mwalimu mkuu alituangalia kwa utulivu wa mtu aliyeko kwenye bustani. "Karibuni, mahoyo. Simameni mbalimbali, tafadhali."

"Maalim," akasema Mama kupitia barakoa, "binti yangu alisikia mafuta ya nywele. Alisikia chaki. Alisikia mpaka sabuni."

"Fomu ina nafasi ya bakuli tu, hoyo."

"Nimeelewa. Na wewe, maalim, humu ndani wasikia harufu gani?"

Aliinua pua. Alikuwa mtu mkweli, na swali la kipimo lilikuwa swali alilolithamini, kwa hiyo alinusa kwa bidii, kushoto na kulia, macho yamefumbwa. Beberu akakohoa nyuma yake.

"Karatasi," akasema. "Na wino kidogo."

Mwalimu msaidizi, ambaye kila asubuhi alifanyia kazi verandani hata mvua ikinyesha na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu, alisogea taratibu mpaka mezani. Akaichukua orodha yetu. Chini ya jina la kumi na nane akaandika la kumi na tisa, kwa mwandiko mzuri, akaigeuza karatasi ili mwalimu mkuu aisome.

Aliisoma. Akageuka kumtazama beberu, akatutazama sisi wenye machozi, akatazama tena orodha. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Kabati la mitihani," akasema polepole, "ufunguo ninao mimi."

"Ndiyo hivyo, maalim," akasema Mama. "Na wewe utakuwa nyumbani."

Ikakubaliwa kwamba tutapimwa upya, saa ile ile, uani, na kwamba safari hii kitu cha kunusa kitachaguliwa na akina mama. Hapo nilidhani tumeokoka. Sikujua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Mmoja alitaka ndimu, mwingine akasema mwanawe amekua chini ya mndimu na hatausikia. Kahawa ikakataliwa na mama ambaye binti yake alikuwa akiinywa tangu hajaota meno. Ubani ukakataliwa na wote. Siki ikakaribia kupita, ila mwenye kusema siki akaulizwa siki iko wapi, akasema nyumbani, na nyumbani kwake kulikuwa mbali. Jua lilipanda. Mwalimu mkuu akaanza kutazama saa, nami nikaanza kuona chumvi, mafungu kwa mafungu, na kisu cha shangazi.

Ndipo kitoto cha miezi minne, kilichokuwa mgongoni kwa mama wa mwisho kwenye mstari, kikakunja uso, kikawa chekundu, kikatulia.

Akina mama wakaangaliana. Nepi ilikunjwa, ikawekwa kwenye lile bakuli, likafunikwa kitambaa. Mwalimu mkuu akaomba awe wa kwanza, kwa heshima ya cheo chake. Alifungwa macho, bakuli likaletwa, na akarudi nyuma hatua mbili bila kuambiwa.

"Nimesikia," akasema. "Fungueni."

Tukapita mmoja mmoja. Rafiki yangu alijibu bakuli likiwa bado mkononi mwa anayelileta. Zamu yangu ilipofika, kwa sababu nilikuwa nimelia ofisini, pua yangu yote ilikuwa imeziba. Nilivuta, hakuna. Nikavuta tena. Gizani mle nyuma ya kitambaa niliyaona madaftari yangu matatu yakifungiwa papa sokoni, ukurasa kwa ukurasa.

"Usiharakishe," ilisema sauti ya Mama upande wa kulia. "Penga kwanza."

"Hoyo, mzazi haruhusiwi kumsaidia mtahiniwa," akasema mwalimu mkuu.

"Simsaidii. Namfuta."

Ukingo wa buibui lake ukanishika pua, nikapenga kwa nguvu zangu zote mbele ya darasa zima la nane. Kisha nikavuta pumzi. Ikaja yote kwa pamoja, nzito, ya joto, isiyo na huruma, na sijawahi tena kusikia harufu ikanifurahisha namna ile. Nilisema ni nini, kwa neno ambalo halisemwi mbele ya walimu. Wakapiga makofi.

Mwalimu mkuu akapiga mhuri karatasi yangu juu ya goti lake. Siku ya mtihani Mama alinisindikiza hadi langoni, ingawa kulikuwa na barua mpya iliyosema wazazi wabaki nyumbani. Tulikuta foleni imesimama, na mwalimu msaidizi akipita huku na huku na fomu mpya mkononi, akionekana kutafuta mahali pa kuanzia. Mama akaiona fomu kabla yangu. Akanisukuma kwa kiganja katikati ya mgongo.

"Ingia," akasema, "kabla hawajatunga kipimo kingine."

Nikaingia.