Tulivyompeleka Shangazi Kilembwe

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliweka nadhiri katikati ya ziwa. Tulikuwa tumejibana kwenye boti tukikimbia vita, mji wetu wa Baraka ukifuka moshi nyuma yetu, naye akamwambia Mungu kwa sauti ambayo boti nzima iliisikia: akitufikisha ng'ambo salama, na akaturudisha nyumbani, yeye atatembea njia ya wahujaji mpaka Kilembwe. Mungu alitimiza sehemu yake. Tuliporudi Baraka, vita vikiwa vimepumua kidogo, ikabaki sehemu ya Shangazi, na magoti ya Shangazi yalikuwa yamekwisha.

Njia yenyewe ni ya zamani. Wazee wetu Wakatoliki waliifuata kila mwaka, kutoka ziwani wakipanda Fizi, kisha ndani kabisa mpaka kwenye kanisa la matofali la Kilembwe, wakienda wanaimba. Shangazi hata sokoni hakufika bila kukaa njiani mara tatu. Akaenda kumuuliza katekista wetu kama baiskeli inakubalika.

Katekista akafikiri sana. "Mama, mu nadhiri Mungu anaangalia mateso. Ukiumia, itakubalika."

"Nitaumia," Shangazi akaahidi.

Mtaani kwetu baiskeli nzima ilikuwa moja tu, ya shemeji yangu, mume wa dada yangu. Alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa kule ufukoni, na hakumwazima mtu baiskeli yake hata kwa mazishi. "Kinga yangu haiende bila miye," akasema, akiipapasa baiskeli. Basi tukaondoka watatu: Shangazi nyuma, juu ya chuma cha mizigo, na sisi wawili tukipokezana, mmoja akanyage, mwingine akimbie.

Kwenye mlima wa Fizi hakuna aliyekanyaga. Tulisukuma. Kwa mila zetu mkwe hamkazii macho mama mkwe, na Shangazi kwa shemeji alikuwa mama mkwe kamili.

"Mukwe, angalia kando!"

"Mama, nikiangalia kando tutaanguka!"

"Basi funga jicho moja."

Akalifunga. Tukaanguka.

Tulilala Fizi kwa watu wa ukoo wetu. Wakati ule mipira ya ndani ya baiskeli haikupatikana, kwa hiyo matairi tulikuwa tumeyashindilia nyasi kavu. Asubuhi tulikuta mbuzi amelichomoa tairi la nyuma na anakula nyasi zake kwa utulivu, kama mtu aliyekaribishwa. Nyasi kavu nyingine hazikuwepo, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Tulijaribu mbichi, zikawa uji kabla hatujatoka mjini. Shangazi akatutazama, akafungua kifurushi chake na kutoa liputa yake ya Jumapili, kitenge kipya alichokiweka kwa ajili ya kuingilia kanisani. "Tia," akasema, na akageuka asione.

Liputa ilifanya kazi vizuri kuliko nyasi. Lakini siku ya tatu ile aliyoivaa, iliyobaki peke yake, ikashikwa na mnyororo. Ilipasuka kutoka chini mpaka mahali ambapo mpwa hapaswi kupaandika. Shangazi alikimbilia kichakani kwa mwendo ambao magoti yake hayakuwa yameufanya tangu kabla ya vita. Shemeji akageukia mlima, akafungua mkoba wake, na kinyumenyume, bila kumtazama, akampelekea kanzu yake nyeupe ya Ijumaa.

Ilimkaa vizuri mno. Kichwa alikuwa amekinyoa kwa msiba wa mume wake, mabega yake ni mapana, na rozari ilikuwa shingoni. Mimi niliona. Shemeji aliona. Tukampandisha tena baiskeli.

Mbele yetu palikuwa na kizuizi: kamba, na wanajeshi wanne wenye bunduki. Walituangalia tukija, kisha mmoja akavua kofia.

"Ni padri?" akauliza.

Shemeji akajibu, "Tunaenda kusali Kilembwe," jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Shangazi akainua mkono afute jasho usoni. Wale wanne wakapiga magoti. Alipoona bunduki nne ziko chini, mkono ule uliokuwa kwenye paji la uso ukashuka polepole, ukaenda kushoto, ukaenda kulia.

"Mi natangulia kuambia batu!" mmoja akapiga kelele, akaruka juu ya baiskeli yake, akatoweka.

Kwa hiyo, siku ya nne, Kilembwe ilitupokea kwa kengele. Bamama walishika matawi, batoto walikimbia mbele yetu. Katekista wa pale, mzee mwenye macho hafifu, akaushika mkono wa Shangazi na kuubusu.

"Baba, tangu vita hatujaona padri. Iko ndoa sita, na batoto ba kubatiza hatuhesabu."

Shangazi akauvuta mkono wake. "Papa, niachilie mukono. Mi ni mama wa Baraka. Kanzu ni ya mukwe wangu, na yeye ni Mwislamu."

Nilitazama njia za kukimbilia. Kisha bibi mmoja akaanza kucheka, akashika mti ili asianguke, na kicheko kikawapitia wote mpaka katekista mwenyewe akaketi chini.

"Sasa rozari unajua?" akauliza, akipangusa macho.

"Rozari najua."

Wakaingia naye kanisani. Aliongoza vizuri, kwa ile sauti yake nzito, na baada ya kila Salamu Maria kumi akaomba watu wataje waliochukuliwa na vita. Majina yalikuwa mengi. Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni bila viatu, akataja la kaka yake. Sikujua kama nalia mpaka nilipotaka kuimba.

Nje, yule mwanajeshi aliyetangulia alikuwa anatusubiri kwa aibu.

"Mama, ile baraka ya kule barabarani inabaki?"

"Inabaki," Shangazi akasema, "kama unaacha kuiba kuku ya batu."

Mwanajeshi akaangalia viatu vyake. Bamama wakapiga vigelegele, wakamwomba Shangazi abaki mpaka Jumapili. Akakubali kabla hajatuuliza, akapewa kigoda, ugali wa muhogo na sombe ya majani yake. Sisi wanaume wawili tukapewa majembe, na kwa siku tatu tulipalilia mihogo ya watu tusiowajua, bamama wakituonyesha kila mche tulioukata kwa makosa.