Sauti ya Jumanne

Walimwita Bi Ukoko, na jina hilo alilipata kihalali. Miaka ishirini na saba alipika kwenye jiko la shule, na kila mchana watoto waliomaliza sahani zao walipanga foleni ya pili nyuma ya jiko, wakingoja ukoko wa wali aliokuwa akiukwangua kwa mwiko wa chuma. Asiyemaliza maharage, hapati. Alipostaafu wakampa saa ya ukutani na hotuba ndefu, akarudi nyumbani kukaa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wiki tatu tu, wakachokana.

"Wewe utaniua na huo usafi wako," wifi akamwambia. "Nenda katafute watu wa kulisha, niachie nyumba nipumue."

Akaenda. Nyuma ya ukumbi wa mtaa kulikuwa na chumba chenye majiko mawili ya gesi na sinki linalovuja, na humo mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameanzisha kazi ya kuwapikia majirani wasioweza kutoka ndani: wenye miguu iliyogoma, wenye macho yaliyozima, na mama mmoja ambaye moyo wake ulikuwa haumruhusu kushuka hata ngazi tatu. Kazi ya bure, ya kujitolea. Mwalimu alikuwa mtu mwema, haki ya mtu mpe, lakini kwenye jiko alikuwa hasara tupu. Chake yeye kilikuwa karatasi. Kila jirani alikuwa na mstari wake, kila siku ina kisanduku chake, na ukishapeleka chakula unaandika humo neno moja: yupo. Si "amepokea", si "amekula". Yupo. Mwalimu alisema chakula ni kisingizio tu, kinachopelekwa hasa ni jicho.

"Na wali wangu je?" Bi Ukoko akauliza, mikono kiunoni.

"Wali wako ni kisingizio kitamu, mama."

Akacheka, akafunga kanga, na kuanzia siku hiyo milango saba ikawa yake. Anapika na wenzake asubuhi, anapakua kwenye bakuli zenye vifuniko, kila bakuli ndani ya mfuko wake wa kitambaa, halafu huyo, kikapu mkononi, ngazi juu ngazi chini, akilalamika njia nzima kwamba magoti yanamuuma. Mwambie akae basi apumzike uone atakavyokutazama.

Mlango wa saba ulikuwa wa Fundi Saa. Alikaa ghorofa ya pili, mwisho wa korido, peke yake. Miaka arobaini alikuwa ametengeneza saa za watu kwenye meza yake kando ya soko, kila siku na tai shingoni, iwe joto iwe baridi. Kisha miguu ikavimba, ikakataa. Ili afike mlangoni ilimbidi ajikokote sakafuni kwa makalio, na mtu wa namna ile, wa tai, hakuwa tayari mwanamke amwone hivyo. Kwa hiyo wakakubaliana: mfuko wa chakula utatundikwa kwenye kitasa, na ukishaliwa atautundika hapo mtupu yeye mwenyewe jioni ileile, Bi Ukoko auchukue kesho yake. Kuonana hakuna. Sauti itatosha.

Hapo ndipo Mwalimu alipopaswa kusema hapana, sauti si jicho. Hakusema. Na Bi Ukoko naye hakumuuliza.

Wengine wote ukipiga hodi watasema karibu. Fundi Saa alikataa. "Karibu ya uongo siisemi," alisema nyuma ya mlango. "Simkaribishi mtu. Nitasema nipo." Basi Bi Ukoko akifika anauliza, "Fundi, upo?" naye anajibu "Nipooo!" kwa sauti nene ya kukokota, kama mtoto anayeitwa jina darasani. Mwanamke aliyelea watoto wa shule miaka yote hiyo angeachaje kutania? Haukupita mwezi akawa anaitikia pamoja naye, amejaza kifua, ameikaza sauti iwe ya kiume. "Fundi, upo?" na wote wawili, mmoja ndani mmoja nje, "Nipooo!" Fundi anacheka mpaka anakohoa.

"Dada, ipo siku utaniibia sauti."

"Nikuibie ya nini, hata kuimbia haifai!"

Kicheko hicho kilikuwa ndiyo mshahara wake. Siku nyingine alikipitia mapema moyoni tangu mlango wa nne.

Sasa, Jumanne ile. Gesi iliisha wali ukiwa nusu, wakahangaika, wali ukaungua chini na juu ukabaki na kiini. Kuja kutoka, saa nzima imepotea. Mwalimu akathubutu kusema, "Mama, watu wana njaa," na Bi Ukoko akamjibu maneno ambayo hayaandikiki hapa. Alipita milango sita akiwa bado anagombana na Mwalimu kichwani, akijibu hoja ambazo mwenzake wala hakuzitoa. Akafika wa saba amefura. "Fundi, upo? Nipooo!" Mkono mmoja umeshatundika mfuko, mwingine umeshachukua mtupu, miguu imeshageuka. Akashuka, akaandika yupo.

Kurudi jikoni akamkuta Mwalimu na simu sikioni. Mwalimu akaifunika kwa kiganja. "Binti wa Fundi Saa huyu. Anasema baba hapokei simu tangu asubuhi. Umemkuta?"

"Yupo. Nimemsikia sasa hivi kwa masikio yangu."

Mwalimu akamwambia binti: yupo, kasikika sasa hivi, labda simu haina chaji. Binti aliishi mji mwingine, safari ya nusu siku. Akashukuru, akakata.

Jumatano Bi Ukoko alifika mapema, na wali wake siku hiyo ulikuwa umechambuka vizuri kabisa. Akanyoosha mkono kuchukua mfuko mtupu, na mfuko ukauvuta mkono chini. Ulikuwa mzito. Mkono ulijua kabla ya kichwa. Akasimama pale ameushika mfuko wa Jumanne, umejaa, umepoa, hata fundo alilolifunga yeye mwenyewe halijafunguliwa. Akaita. Akaita tena. Mara ya tatu aliita bila kujua kama anaita au analia.

Mwenye nyumba akaleta ufunguo wa akiba. Fundi Saa alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango, amelala ubavu, ameangalia mlangoni. Alikuwa amefika zaidi ya nusu ya njia. Daktari akaja, akapima alivyopima, Bi Ukoko akamganda: lini?

"Tangu jana, au usiku wa juzi. Siwezi kuapa, mama."

Jana, au usiku wa juzi. Jumanne, au Jumatatu usiku. Mwanamke wa watu akabaki katikati ya maneno hayo mawili, na hajatoka mpaka leo.

Kwa sababu alipotulia akaanza kujiuliza swali moja, na swali hilo halikumwachia nafasi ya kumeza mate. Ile Jumanne nani alisema nipo? Akijisikiliza, aliisikia sauti waziwazi, nene, ya kukokota. Lakini hakusikia kicheko. Hakusikia kikohozi. Na sauti yenyewe, ilitoka nyuma ya mlango au ilitoka kifuani mwake, kwa mazoea tu, kama mtu anavyomalizia methali aliyoanziwa? Alijaribu kukumbuka sauti mbili. Kila akikumbuka anapata moja. Mdomo huponza kichwa, wazee walisema. Huu wa kwake ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzake.

Na hesabu yake haikuwa na upande mzuri. Kama Fundi alijibu, basi alijibu akiwa sakafuni, hoi, na dada yake wa wali akageuza kisigino akaenda zake. Kama hakujibu, basi alikuwa amekufa au anakufa kimya, na yeye akamsemea. Akamwandikia yupo. Akamwambia binti yake yupo.

Tangu hapo akawa anaisikia. Sufuria ikifunikwa, nipo. Mlango wa kabati ukilia, nipo. Siku moja mchana anaoga, wifi akagonga mlango wa bafu, "Wewe, upo?" Bi Ukoko akapiga ukelele majirani wakatoka. Wifi hakutania siku hiyo, wala siku zilizofuata. Alimletea chai kitandani, akakaa miguuni pake, akasema, "Si umwambie mtu?" Bi Ukoko akamgeuzia mgongo. Amwambie nani, na aseme nini?

Kwenye ile milango sita iliyobaki akageuka kuwa kero. Haachi chakula mpaka afunguliwe, aone uso, ashike mkono. Mzee asiyeona wa mlango wa pili, aliyezoea kupokea bakuli kwa mkono mmoja huku anasikiliza redio, akachoka. "Mama, unaleta chakula au unakagua maiti?" Bi Ukoko akaketi kwenye kizingiti cha yule mzee, akalia kwa kwikwi, mzee wa watu anapapasa hewani akitafuta bega la kulibembeleza.

Mazishi alikwenda, akasimama nyuma kabisa. Huko akasikia jamaa wakipeana faraja: alhamdulillahi, mzee hakuteseka, Jumanne mchana alikuwa bado anatania na mama wa chakula, lazima ilikuja ghafla. Maneno yalitoka kwa Mwalimu, yakapita kwa binti, yakaenea. Hakuna aliyemlaumu mtu. Bi Ukoko angeshukuru kama wangemlaumu.

Siku ya nane baada ya mazishi binti akaja jikoni. Mwanamke wa makamo, mrefu, kidevu cha baba yake. Alisalimia vizuri, akashukuru mmoja mmoja kwa miezi yote ya chakula, akampa Mwalimu mkono. Halafu akaja kusimama mbele ya Bi Ukoko, aliyekuwa anamenya viazi kwenye karai na hajainua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Mama, nina swali moja tu, nikuulize niende zangu. Jumanne, baba alijibu?"

Kwenye sinki Mwalimu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kumwelekeza: sema ndiyo, mwanamke, sema ndiyo yaishe. Na ndiyo ilikuwa karibu sana. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Alijibu, mwanangu, kwa sauti yake ileile, na akacheka. Nani angempinga? Marehemu? Binti angeenda zake na moyo mwepesi, na Bi Ukoko labda naye, kwa kuusema uongo mara nyingi, siku moja angeuamini.

Akaweka kisu. "Nilikuwa na mchezo na baba yako," akasema. "Nikimuuliza upo, tunaitikia wote wawili. Ile Jumanne nilikuwa na hasira zangu, nina haraka. Niliuliza, nikaitikia mwenyewe. Yeye sikumbuki kumsikia. Nimejikamua siku zote hizi, mwanangu, sikumbuki. Sauti ninayoisikia ni yangu."

Mwalimu akasema, "Mama!"

Binti hakulia wala hakufoka. Akavuta stuli, akakaa, mkoba mapajani.

"Nilikuwa nimeshafunga mfuko wa safari," akasema. "Niliposikia yupo, nikafungua nikarudisha nguo kabatini."

"Nilaumu, mwanangu."

"Ngoja kwanza." Alikuwa anazungumza na mkoba. "Jumatatu jioni alinipigia. Nikaona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi. Nilikuwa nimechoka, nikasema ataanza na yale yale, miguu, upweke, lini utakuja. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Asubuhi nikajuta, nikampigia mimi, kimya. Sasa, mama, kama Jumanne mchana alikujibu wewe, basi ile ya Jumatatu ilikuwa simu ya kawaida tu. Alitaka maongezi. Nimekuja mwendo wote huu uniambie alijibu."

Bi Ukoko alitamani ardhi impasukie. Neno moja lingetosha, dakika chache tu zilizopita, na alikuwa nalo mdomoni. Sasa hata akilisema halina kazi. Pole nayo ilikuwa ndogo mno kwa shimo lile. Akaifuta mikono kwenye kanga, akausogeza mkono wake mpaka ukagusa goti la binti, na binti akauacha hapo.

"Unamsikia bado?" binti akauliza polepole, Mwalimu asisikie.

"Kila siku."

"Akikwambia kitu kingine zaidi ya hiyo nipo, nitafute. Mimi hanisemeshi. Nasikia simu tu, inaita."