Bango la Verna na Chupa ya Shingo Ndefu

Verna Sawchyn alikuwa mkaguzi wa chupa katika kiwanda cha bia cha mjini kwao, jimbo la Ontario, Kanada. Alikaa mbele ya taa kali, chupa zilizokwisha oshwa zikipita mbele yake, akizitoa zenye ufa. Kazi hiyo aliianza akiwa msichana, mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati kampuni za bia ndiyo kwanza zimekubaliana kutumia chupa moja: ya kahawia, nene, isiyo na shingo ya maana. Watu waliiita kibonge. Ukinywa bia ya kampuni hii ukarudisha chupa, kampuni ile iliiosha ikajazia yake. Kibonge kilianguka kisivunjike, na mama yake Verna alikitumia kusukumia unga.

Vibonge vilitengenezwa ng'ambo ya mto, kwenye kiwanda cha kioo alikofanya kazi Orest, mdogo wake Verna. Jumapili mezani walitaniana.

"Wiki hii umenitupia chupa ngapi, dada?"

"Zote zilizokuwa na alama ya uvivu wako."

Mwaka 1984 shingo ndefu zikaingia. Vijana walitaka chupa kama za Marekani, na kila kampuni ikataka umbo lake yenyewe. Wazee wakanung'unika. Ndipo bwana mmoja wa matangazo alipomfuata Verna kazini.

"Bi Verna, wewe watu wanakuamini. Shika chupa hii ndefu, tabasamu upigwe picha, basi."

Verna alijua mdogo wake anakula kwa kazi gani. Alijua vizuri. Lakini miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia ageuze uso kutoka kwenye chupa ili atazamwe yeye. Akaenda msalani, akapaka rangi ya midomo, akarudi akatabasamu. Muda si muda kila duka la bia lilikuwa na bango lenye uso wake, chupa ndefu shavuni, na maneno: "Hata Verna amehama."

Kabla theluji ya kwanza haijaanguka, kiwanda cha kioo kikazima tanuri la vibonge. Orest akaachishwa kazi.

Verna akapika pirohi, vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, akazipeleka kwa mdogo wake. Wifi yake, Halya, akafungua mlango.

"Karibu, mheshimiwa. Leo mpiga picha umemwacha wapi?"

"Wifi, tafadhali."

"Mimi sisemi kitu. Nikienda dukani naambiwa, wifi yako kapendeza. Naitikia, kapendeza kweli."

"Mwache, Halya," Orest akasema kutoka jikoni. "Angekataa yeye, wangempata mwingine. Tanuri lingezimwa tu."

Alisema hivyo ili ampunguzie mzigo, lakini maneno hayo yalimchoma Verna zaidi, maana yalikuwa ya kweli na bado hayakumsafisha. Tanuri hakulizima yeye. Alisimama pembeni akicheka wakati linazimwa.

Kesho yake alikwenda ofisini kuomba bango liondolewe. Akaambiwa limeshasambaa jimbo zima. Akitoka kazini akapita duka la bia, na mbele ya foleni ya watu waliokuja kurudisha chupa, akaanza kulibandua kwa kucha.

"Hee, mama! Bango la watu hilo!" muuzaji akapiga kelele.

"Uso ni wangu."

Foleni ikaangua kicheko. Karatasi ilichanika katikati. Kipande chenye tabasamu kikagoma kutoka.

Baada ya Krismasi, Orest na Halya wakapakia vitu garini, wakahamia Alberta, mbali huko magharibi, kutafuta kazi. Verna aliwasindikiza hadi barabarani, neno "nisamehe" likiwa ulimini. Halya akamwahi, akamkumbatia kwa nguvu.

"Usianze kulia, wifi, utanianzisha na mimi."

Verna akamfungia mlango wa gari. Gari likaondoka.

Verna aliendelea na kazi. Sasa zilipita chupa ndefu, na kwa kuwa kila kampuni ilikuwa na yake, akaongezewa kazi ya kuchambua chupa za kampuni nyingine. Orest alipiga simu mara kwa mara. Waliongea juu ya mpira wa magongo, baridi, goti la Halya. Mara nyingi Verna alivuta pumzi aseme lile neno aliloshindwa kulisema barabarani.

"Dada, upo?"

"Nipo, mdogo wangu. Hebu niambie, huko theluji imefika wapi?"