Kwaya ya Mama Joash

Milcah Nekoye alipoolewa Mwilala, ukisimama mlangoni pake uliona mahindi, na nyuma ya mahindi, mahindi mengine. Kisha serikali ikajenga chuo. Mwanzoni yalikuwa mabanda mawili ya kufundishia useremala na umeme. Baadaye yakaja maghorofa, ikaja maktaba, na miaka ya tisini ilipoingia wakaja wanafunzi wa shahada na vitabu vizito na redio za sauti kubwa. Mahindi yakarudi nyuma shamba kwa shamba. Penye zizi la jirani pakasimama duka la kupiga chapa, penye migomba pakawa na banda la video, na mji wa Kakamega, ambao zamani uliuendea viatu mkononi ili vumbi lisivile, sasa ulikuwa umefika wenyewe hadi Mwilala.

Milcah hakulalamika. Mumewe, Jairus, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari kule Mumias na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Watoto wao, akiwemo Joash kifungua mimba, walikuwa wamekwenda zao. Nyumba ilikuwa kimya mno. Kwa hiyo akajenga vyumba vya mabati nyuma ya jiko, akapangisha wanafunzi, na kimya kikaisha siku hiyohiyo.

Wapangaji walimwita Mathe, yaani mama kwa lugha yao ya vijana, na walimwogopa kidogo. Alikuwa mtu wa Kanisa la Marafiki tangu utoto, na kwa Marafiki ndiyo ni ndiyo na siyo ni siyo. Ukimwuliza kama nguo yako mpya imekupendeza, ujue utajibiwa. Hata mwenye duka jirani, Phoebe, alikuwa amejifunza kutomwuliza kama unga wake una wadudu mbele ya wateja.

Ikawa mwaka wa tisini na sita mabweni ya chuo yakakosa maji. Wiki ya kwanza wanafunzi walinung'unika, ya pili wakaandika malalamiko, ya tatu wakatoka barabarani na matawi mikononi wakiimba. Mpaka hapo Mwilala ilikuwa upande wao. Lakini katika umati hakosi mmoja mwenye mkono mwepesi. Jiwe likaruka, yakafuata mengine, na kioo cha duka la Phoebe kikamwagika chini chote. Kufikia saa sita chuo kilikuwa kimefungwa, wanafunzi wameamriwa waondoke mara moja, na askari wa kutuliza ghasia wanapita ploti kwa ploti wakiwatoa kwa rungu.

Milcah alikuwa jikoni akichambua kunde wanafunzi waliporuka ua. Maina wa Murang'a alitangulia, mrefu kama mlingoti, akifuatwa na Cherono asiye na viatu, na Zaituni wa Mumias akishikilia mtandio wake. Nyuma yao wakaja wengine, nusu yao si wapangaji wake hata. Wa mwisho alikuwa Barasa, katibu wa chama cha wanafunzi, nyusi imepasuka na damu imemfika shingoni. Wakajazana sebuleni.

Barasa akamsihi awaambie askari kwamba wote ni watoto wake.

"Mimi sisemangi uongo," Milcah akasema. "Na huyu Maina nitasema nilimzaa wapi?"

"Basi sema hatuko, Mathe."

"Mko."

Vishindo vya buti vilisikika kwa jirani, na mlango ukilalamika kwenye bawaba. Milcah aliwatazama watoto wa watu wakitweta chini ya picha ya harusi yake. Akafuta mikono kwenye leso.

"Nani kati yenu anajua kuimba?"

Cherono akainua kidole kama aliye darasani. Milcah akampanga mbele na wasichana, wavulana akawaweka nyuma, Barasa akapewa kitambaa na kiti. Akachagua wimbo wa Kiluhya ambao anayekulia upande huo huusikia hata asipotaka, akawatajia ubeti mmoja. Zaituni alisitasita, na Milcah akamwambia hana haja ya kuimba asichokiamini, apige mdundo tu. Zaituni akauvuta mtungi wa plastiki wa maji, akaupiga kama ngoma za harusi za kwao, na sebule nzima ikaanza kuyumba.

Hapo mlango ukafunguliwa. Inspekta aliyeingia alikuwa mtu mzima mwenye mvi masikioni, na askari wawili nyuma yake.

"Hawa ni nani, mama?"

"Ni kwaya yangu. Tuko kwa mazoezi."

Inspekta akawapitia kwa macho, miguu isiyo na viatu, mashati yaliyolowa jasho, mpaka kwa Barasa na kitambaa chake.

"Kwaya hii ilianza lini?"

Cherono alifumba macho. Alimjua Mathe.

"Leo," Milcah akasema.

"Leo?"

"Leo, afande. Ndiyo maana hatujajua kuimba bado. Lakini Jumapili tutaimba kanisani kwetu."

Inspekta akavua kofia, akasema waendelee. Wakaendelea. Waliporudia kiitikio aliinua mkono wakakoma, na kila mtu akadhani sasa ndiyo basi. Kumbe yeye alikuwa mwimbaji wa miaka mingi huko kwao. Akawaambia wanaume wanawakimbilia wanawake, wangoje zamu yao, akawaimbia ule mstari mwenyewe taratibu, askari wake wakitazama vidole vya buti zao. Mwisho akavaa kofia. Akasema mwenye kitambaa aimbe akiwa ameketi, na kwamba hataki kuona mwanakwaya yeyote barabarani kabla ya Jumapili. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake vizuri kama mgeni.

Kesho yake wengi walitaka kupanda basi la kwanza waende kwao. Maina akauliza kwani hawakuwa wanaigiza tu.

"Wewe ulikuwa unaigiza," Milcah akamjibu. "Mimi nilikuwa nasema." Na mazoezi yakaanza baada ya uji.

Jumapili kanisa lilijaa, maana habari haina miguu lakini hufika. Phoebe alikaa kiti cha mbele, mikono kifuani. Wimbo ulianzia juu mno. Cherono akaushusha katikati ya ubeti, wakafika mwisho salama. Wenzake walipoketi, Barasa akabaki amesimama. Alisema jiwe hakulirusha yeye, lakini sauti iliyowatoa watu bwenini ilikuwa yake, na anaomba radhi.

Phoebe hakusimama kumjibu.

"Kioo kitapatikana," akasema. "Mimi nilikuwa chini ya kaunta, nimejikunja, naomba Mungu. Hilo ndilo nataka mlijue."

Kesho yake Barasa alikuwa dukani asubuhi, akifagia vipande vya kioo vilivyobaki pembeni na kupigilia mbao dirishani, na Phoebe akamwachia nyundo bila kumsemesha. Mchana alimpa chai.

Chuo kilifunguliwa mwaka uliofuata, maji yakiwa yamerudi. Wanafunzi waliporejea, Milcah hakumwita mtu mazoezini. Walikuja wenyewe Jumamosi, wakaja na wenzao. Mwezi haukuisha Phoebe naye akaja, akasema sauti ya pili ni hafifu na inamwumiza masikio akiwa dukani, basi ni heri aisaidie.

Jairus alirudi kutoka Mumias akakuta sebule haina pa kukanyaga. Alinung'unikia sukari inavyokwisha, yeye anayeitengeneza. Hata hivyo, majirani waliona kwamba siku hizi anakuja kila wiki, na kwamba akishakula anavuta kiti chake mpaka karibu na wanaume wa kwaya.