Fundi Aliyeanguka Kimya

Ilikuwa mwaka ule mvua zilipochelewa; hapana, ni uliofuata, maana binti yangu alishaanza kuwaongoza wanaojifunza kupiga kasia wakiwa wamesimama juu ya ubao, kati ya mikoko. Siku hiyo ubao mmoja ulionekana unaelea mtupu. Mwenyewe, rafiki yangu fundi cherehani, hayupo. Binti yangu akarudi nyuma roho mkononi, akamkuta ameketi juu ya mizizi, maji magotini.

“Mzee wangu, mbona hukuita?”

“Mwanangu, si ulisema tusipige kelele, ndege wanaatamia?”

Binti yangu alicheka huku analia. Mimi nilimsubiri fundi ufukweni, nikamuuliza, naye akiendelea kukamua suruali yake: je, maji yangekuwa ya shingo, ungeita?