Vali Iliyodhaniwa Mimba

Homa ya utotoni iliniharibia vali moja ya moyo, na nilipoolewa tu ikabidi nibadilishiwe. Daktari alinipa hiari mbili. Vali ya chuma hudumu, lakini inataka dawa za kuzuia damu isigande, maisha yote, nazo ni hatari kwa mimba. Nyingine imetengenezwa kwa ngozi ya moyo wa ng'ombe, haitaki dawa hizo. Nilitaka mtoto, nikachukua ng'ombe. Kila Idi ya kuchinja wifi zangu walinitania: "Usile nyama wewe, utakula nduguzo!"

Mtoto nikampata, binti, mdomo kama wangu. Alipoanza kwenda chuoni kusoma Kurani, mimi nikaanza kuchoka. Ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe zikanishinda, miguu ikavimba. Vali tuliambiwa itadumu miaka mingi, basi nani angeidhania? Nyumba nzima ikakata shauri kwamba nina mimba. Mama mkwe akaninunulia udongo wa kula na maembe mabichi, akanikataza kubeba hata kikapu.

"Wa kiume huyo, tazama miguu ilivyofura!"

Na mimi, mjinga, niliutafuna ule udongo kwa raha zangu. Kipimo cha mimba kilipokataa, wakasema kibovu.

Nilipofikia kulala nimekaa kwa kukosa pumzi, mume wangu akanipeleka hospitali. Vali ilikuwa imekakamaa. Daktari akasema kwa vijana huchakaa mapema. Nilikasirika hadi nikamtukana yule ng'ombe kimoyomoyo, maskini, naye hana kosa. Hiari zilikuwa zile zile mbili, ila sasa nilikuwa na mtoto wa kumlea. Nikachagua chuma.

Kilichonitisha ni kumwambia mama mkwe, maana mume wangu ndiye mwanawe wa kiume wa pekee.

"Mama, nikitiwa chuma sizai tena."

Akainuka, akaenda kukuna nazi. Sikuthubutu kumfuata.

Tulivuka kwenda Dar, nikapasuliwa, nikarudi napumua mpaka mwisho wa mbavu. Nilifurahi hata kupanda ngazi. Majirani wakaja kunijulia hali, sebule ikajaa. Mmoja wao, hodari wa kuuliza yasiyomhusu, akasema, "Haya, afya ishapatikana. Wa kiume mnatuletea lini?"

Nikainama. Mama mkwe akajibu yeye, huku anamimina chai.

"Huyu keshazaa. Sasa mwacheni aishi."