Mashine ya Keki Ina Mikono Miwili

Saa mbili asubuhi, nyuma ya pazia la plastiki, mpambaji wa keki anatumbukiza mikono kwenye beseni la maji baridi, anaifuta, kisha anashika mfuko wa krimu. Kiganja chenye joto hulegeza siagi iliyomo kwenye krimu, na siagi ikilegea nakshi yote hutambaa. Mkono wa kushoto unazungusha keki; wa kulia unaminya, unainua, unaminya tena. Mishono ya sweta inajipanga ubavuni mwa keki, mia nne na ushee, kama vile imefumwa.

Nakshi hiyo aliibuni mwenyewe, akiiga sweta aliyofumiwa na mama yake. Lakini hakuna mteja anayemwona akiipamba, na ndivyo mwenye duka anavyotaka.

Huko mbele, kwenye kaunta, wateja huambiwa kwamba kazi hiyo hufanywa na mashine iliyoagizwa ng'ambo. Mpambaji huyu, mama wa watoto wawili, yuko hapo mwaka wa sita sasa, na uongo huo aliusikia kwanza kwa shangazi yake, aliyekwenda kununua keki ya mjukuu.

“Alikuja kunipongeza,” anasema. “Ananiambia, afadhali mwanangu mmenunuliwa mashine, sasa utapumzisha mgongo.”

Alipomuuliza mwenye duka, alijibiwa kwamba hiyo ni biashara tu: kitu cha mashine watu hukiamini, cha mkono hukiombea punguzo. Akarudi kazini.

Yaliyomfika shingoni ni ya mwezi uliopita. Mteja alirudisha keki kwa sababu mshono mmoja ulikuwa umegeukia upande mwingine. Kuurekebisha ni kazi ya dakika mbili. Mwenye duka akamwambia mteja kwamba mashine imeharibika, iko kwa fundi. Sasa, mashine ikiwa kwa fundi, keki za nakshi zitatoka wapi? Mpambaji akaamriwa abaki nyumbani siku tatu, bila malipo, mpaka mashine itengemae.

Mtu mzima, mwenye akili timamu na kifundo cha mkono kinachovimba kila jioni, aliketi nyumbani akisubiri mashine isiyokuwepo ipone. Hiyo ni dharau, na haina jina lingine.

“Siku ya pili mume wangu aliniuliza kama nimeshabadilishwa spea,” anasema. “Nikacheka naye. Halafu nikaingia bafuni, nikalia.”

Ijumaa iliyopita, mbele ya wauzaji wawili, alimwambia mwenye duka anachotaka: meza yake ihamie dirishani, wapita njia wamwone akipamba. Amempa hadi mwisho wa mwezi. Mwenye duka anajikuna kichwa; anasema wateja watauliza mashine imekwenda wapi.

“Nimemwambia awaambie imekufa,” anasema, akiuchukua tena mfuko wa krimu. “Asiponiweka dirishani, mwezi ujao napamba keki zangu nyumbani, kwenye meza yangu ya chakula, mlango wazi. Anayetaka kuona mikono yangu aje aione.”